Mipira ya Mgonjwa

Wazo la majivu lilikuwa la wifi. Alitoka jikoni na kisahani, majivu ya mkaa ameyaponda laini kama poda, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumwambia mke wa kaka yake afumbe mdomo.

"Unataka kunifanya nini?" mgonjwa akauliza.

"Nakupaka. Mgonjwa gani midomo inang'aa kama ametoka kula nyama?"

"Ni mafuta, wifi. Midomo inanikauka, na maji si unajua napimiwa kwa kikombe."

"Basi iache ikauke. Hao wanaokuja hawataki kuona mafuta."

Mume alikuwa dirishani. Alifunga bawa moja, akarudi nyuma kuona chumba kimekuwaje, akaona bado kuna mwanga, akafunga na la pili. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, mtu wa kutengeneza vitu viende, na mikono yake haikujua kazi hii ya kuharibu. Beseni la kutapikia lilikuwa limewekwa tayari kando ya kitanda, tupu na kavu. Binti yao alikuwa ameambiwa achukue viatu vya raba vya mama yake akavifiche.

"Baba watoto," mke akamwita. "Na wewe unakubali mambo haya?"

"Leo tu."

"Leo ndiyo siku yangu nzuri. Jana nimetoka kwenye mashine. Mwili mwepesi, miguu imenywea, kichwa hakigongi. Wenzangu wananingoja mezani."

"Watangoja."

"Mpishi ameapa kulipiza. Wiki iliyopita nimemfunga mpaka akasingizia viatu."

Wifi akacheka. Kisha akakumbuka kwamba chumba kile kilitakiwa kuwa cha huzuni, akajikohoza.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kiwandani kulikuwa na Mfuko wa Kufaana. Kila mfanyakazi alikatwa mshahara, apende asipende, na mfuko huo ndio uliolipia mashine ya kumsafishia damu mke wa fundi, ambaye figo zake zilikuwa zimegoma kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa mfumaji palepale kabla ya kuumwa, kwa hiyo alikuwa amekatwa miaka na miaka. Juzi, Katibu wa kamati alimsimamisha fundi getini, mbele ya wenzake waliokuwa wanatoka zamu, akamwambia kwa sauti ya kusikika: "Jumamosi tunakuja kumtazama mgonjwa wako. Maana tunasikia mgonjwa anaruka."

Na kweli alikuwa anaruka. Katika ukumbi wa wafanyakazi kulikuwa na meza ya mpira, ile ya kijani yenye wavu katikati, na mke wa fundi aliipenda tangu usichana wake. Muuguzi wa hospitali ndiye aliyemwambia asiuache mchezo. "Ukijilaza mwili utakuganda," alimwambia. "Cheza, tembea, fanya unachopenda. Ila mkono huo wa kushoto usigongwe." Mkono wa kushoto ndio uliokuwa na mshipa uliotengenezwa na madaktari, mshipa mnene unaovuma ukiugusa, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Kwa hiyo mkono wa kushoto aliuficha nyuma ya mgongo, na kwa wa kulia akawachapa wanawake wa kiwanda chote.

Jambo hilo mtu wa kawaida angelielewa. Lakini kamati si watu wa kawaida. Kamati ni watu waliochaguliwa.

"Lala," fundi akasema. "Tafadhali, mama. Wanakuja."

Mke akamtazama. Angeweza kukataa, hakuwa mwanamke wa kuburuzwa. Lakini aliona jinsi mume wake alivyoshika lile blanketi la pili, amelikumbatia kifuani, akamhurumia. Akalala.

*

Walikuja wawili, Mwenyekiti mbele na Katibu nyuma amebeba mkoba. Mwenyekiti naye alikuwa mfumaji zamani, lakini tangu achaguliwe hakuwa amegusa uzi. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa mikali ya kukata mkate. Aliingia chumbani na viatu, akakalia kiti pekee kizuri cha nyumba ile, kilichotolewa sebuleni kwa ajili yake, na fundi akabaki amesimama ndani ya chumba chake mwenyewe kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Anaendeleaje?" Mwenyekiti akauliza.

Kabla fundi hajafungua mdomo, wifi akadakia. "Anaendelea wapi, baba yangu! Amekwisha. Tazama mwenyewe."

"Anakula?"

"Kijiko cha uji kinamshinda. Nikimlisha unatoka puani."

"Anaamka?"

"Kuamka? Tunamgeuza. Mimi na huyu kaka yangu, mmoja kichwani mmoja miguuni."

Chini ya mablanketi mawili mgonjwa alikuwa akitoka jasho. Majivu yalimwasha. Aliwasikia wote vizuri sana. Uongo wa wifi haukumuumiza. Wifi alikuwa na kipaji, hata kwenye harusi alikuwa analia kuliko mama wa bibi harusi. Kilichomuumiza ni sauti ya mume wake. Kila wifi alipomaliza, mume alisema, "Ndiyo." Sauti ndogo. "Ndiyo, ni kweli."

Katibu akainama. "Na watu je, anawatambua?"

Hapo wifi angenyamaza, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa amenogewa. "Mimi wifi yake ananiita kwa jina la marehemu bibi yake! Juzi amemwamkia mume wake, 'Shikamoo babu.' Si kweli, kaka?"

Fundi akaitikia. "Ndiyo."

Mwenyekiti akatoa kalamu mfukoni. Alifunua blanketi upande wa miguu na kubonyeza muundi wa mgonjwa kwa mfuniko wa kalamu ile, kama mtu anayebonyeza papai sokoni na hana nia ya kununua. Akatazama shimo lililobaki likijaa polepole. Kisha akafuta mfuniko kwa leso, akairudisha kalamu mfukoni. Binti alikuwa mlangoni, akaona yote, akaondoka bila kuambiwa.

"Basi," Mwenyekiti akasema. "Tumeona. Fundi, hebu tutoke nje kidogo."

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alimwekea fundi mkono begani. Fundi akajua tangu hapo kwamba kuna baya. Wakubwa hawakugusi kwa bure.

"Ndugu yangu, mimi sikujua hali imefika hapa. Watu wanasema anacheza mpira! Binadamu bwana, fitina tupu. Sasa nisikilize kiume. Mfuko una mafungu mawili. Lipo fungu la matibabu, na lipo fungu la mazishi. La matibabu ni la mtu anayeelekea kupona. Huyu wako, na wewe umeona, hata watu hawatambui."

"Mwenyekiti, mashine ndiyo inayo..."

"Ngoja nimalize. Ni fedha za wanachama zile. Nikizimwaga pasipo na matumaini, wataniuliza. Kwa hiyo mwisho wa mwezi tutamhamishia fungu la pili. Na hapo, bwana, sitakuangusha. Sanduku zuri. Basi la kubeba watu. Viti, turubai, kila kitu. Utaona mwenyewe."

Katibu alikuwa amekwisha kufungua mkoba, anaandika.

Fundi alisimama pale. Akasema neno ambalo baadaye, akilikumbuka, lilimfanya afumbe macho hata akiwa peke yake. Alisema, "Ahsante."

*

Alipoingia ndani alimkuta mke wake ameketi kitandani, anajifuta midomo kwa ncha ya shuka, na wifi anajisifu.

"Umeona lakini? Umeona Katibu alivyoinamisha kichwa? Kidogo alie!"

"Umezidisha," fundi akasema.

"Nimezidisha nini?"

Akawaeleza. Hakupamba neno. Alipofika kwenye turubai na viti, wifi alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Mke alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kicheko kirefu kisicho na furaha ndani yake. "Kwa hiyo nikicheza, mimi ni mzima, wasinilipie. Nikilala, mimi ni maiti, wasinilipie. Na basi wamenipa! Uhai wangu wote sijawahi kupanda basi la kukodi peke yangu."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? 'Shikamoo babu'?"

Wifi akainuka, akachukua kisahani chake na kwenda nacho jikoni, na huko akasikika analia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nenda kawaambie ukweli," mke akasema.

"Niwaambie tulidanganya?"

"Wewe uliitikia. Mimi nililala tu." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatafuta viatu vyake vya raba chini ya kitanda, akakumbuka kwamba vimefichwa, akaacha kutafuta.

*

Jumatatu fundi aliomba ruhusa kwa msimamizi, akanawa mafuta mikononi, akapanda ngazi kwenda ofisi ya kamati. Ilikuwa ofisi yenye feni. Wafumaji chini walikuwa wanafanya kazi kwenye joto la kuchemsha yai, lakini makaratasi ya kamati yalipulizwa upepo usiku na mchana. Hapakuwa na kiti cha mgeni.

Alisema. Alisema yote, majivu, beseni, madirisha. Katibu alianza kucheka aliposikia beseni lilikuwa tupu, akalazimika kushika meza.

Mwenyekiti hakucheka. "Kwa hiyo mlitupaka majivu na sisi."

"Tulikosea, mzee."

"Jumamosi hatambui watu. Leo Jumatatu anacheza mpira."

"Anacheza siku anayotoka mashine, mzee, na ya pili yake. Siku ya tatu anavimba, hawezi hata kufunga kifungo. Akiikosa mashine wiki moja, anakufa. Lakini akiipata, anaishi kama mimi na wewe. Muuguzi mwenyewe amesema mchezo unamsaidia."

"Mimi sikuongea na muuguzi. Mimi nimemwona kwa macho yangu anakufa." Mwenyekiti akaegemea kiti, akatafakari, na ikamjia fikra iliyompendeza. Ujanani alikuwa akicheza mpira wa meza. Alikuwa hodari, au hivyo ndivyo alivyokumbuka. "Lini anatoka mashine?"

"Kesho."

"Basi keshokutwa, baada ya zamu, ukumbini. Nitacheza naye mimi. Mwili haudanganyi. Nikiona ni mzima, arudi kazini kama wenzake. Nikiona ni mahututi, uamuzi wetu ni uleule."

"Na akiwa katikati, mzee?"

"Katikati ndiyo matibabu."

Fundi aliposhuka ngazi, Katibu alimfuata hadi kwenye kona, bado anajifuta machozi ya kicheko. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu wa kufuata mkoba. "Fundi," alinong'ona. "Nikwambie kitu. Mzee hapendi kufungwa. Karata, drafti, chochote kile. Yule aliyemfunga drafti sikukuu iliyopita sasa yuko zamu ya usiku. Umenielewa?"

Fundi alimwelewa. Lakini nyumbani alimweleza mke wake kila kitu isipokuwa hilo. Alijiambia kwamba hataki kumtia hofu. Ukweli ni kwamba aliona haya kulitamka.

*

Ukumbi ulijaa. Habari ilikuwa imetembea kwenye mashine zote, na wafumaji walitoka zamu wakakaa kwenye mabenchi na hata juu ya madirisha. Wanawake wa mezani walikaa mbele, na katikati yao mpishi wa kantini, mama mnene mwenye mikono ya kupika sufuria za watu mia, ambaye ndiye aliyekuwa mpinzani mkubwa wa mke wa fundi na rafiki yake.

"Mchape, dada!" mpishi akapiga kelele. "Mtoe pasi kwenye shati!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, cheko la kiongozi, na kumpa Katibu koti.

Mke wa fundi alikuwa amevaa raba zake. Alifunga kitambaa juu ya mshipa wa mkono wa kushoto, akaupeleka mkono nyuma ya mgongo, akapinda magoti kidogo. Fundi alimtazama na kwa mara ya kwanza akaona jambo ambalo lilikuwa mbele yake siku zote. Hakuwahi kuja kumtazama akicheza. Alikuwa anajua kwamba anacheza, kama mtu anavyojua kwamba jirani ana redio. Sasa aliona kwamba pale mezani mke wake hakuwa mgonjwa. Hakuwa amepona pia. Alikuwa na kazi ya kufanya, basi, na alikuwa anaiweza.

Mpira wa kwanza Mwenyekiti hakuuona. Wa pili aliuona umepita. Wa tatu aliurudisha, na mwanamke akaupeleka kona ya kushoto, kisha ya kulia, kisha ya kushoto tena, na mheshimiwa akawa anakimbia huku na huku, tumbo likichelewa nyuma yake. Vicheko vikaanza kwenye madirisha. Shati likalowa. Mikunjo ikayeyuka. Mpishi alikuwa amesimama, anahesabu pointi kwa sauti ya kuita watu chakula.

Mwenyekiti alisimama kupumua. Hakumtazama mwanamke, alitazama mabenchi, akaona nani anacheka na nani hacheki. Kisha akasema, taratibu, kama anayesema na nafsi yake, "Huyu ni mzima kabisa huyu."

Katibu akamtazama fundi. Akatikisa kichwa.

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya Mwenyekiti, upande wa ukuta, mahali ambapo mke wake angemwona na watu wengine wasingemjali. Akainua mikono yake miwili usawa wa kifua, viganja chini, akaishusha. Akaishusha tena. Mke aliona. Kwanza hakuelewa, akakunja uso. Fundi akafanya tena, na safari hii midomo yake ikasema bila sauti: mwachie.

Mke akasita na mpira mkononi. Alikuwa anamtazama mume wake juu ya bega la Mwenyekiti, na watu wakadhani amechoka. Kisha akaanzisha mpira, mwepesi, katikati ya meza, mahali ambapo hata mtoto angeupiga.

Baada ya hapo alifanya kazi ngumu kuliko kushinda. Kukosa kwa makusudi mpira unaoujua si jambo jepesi, mkono unakataa. Ilimbidi auzuie mkono kila mara, augandishe, aufikishe mpira ukiwa umekwisha kupita. Mara mbili alijisahau, mkono ukapiga wenyewe, mpira ukaenda kona, na ikambidi apige mitatu wavuni kulipia. Alianza kuhema, na kuhema hakukuwa kwa kuigiza. Mpishi aliacha kuhesabu kwa sauti. Mabenchi yalitulia. Mwenyekiti akachangamka, akawa anapiga kwa madaha, anasema "Hopa!" kila mpira ukipita.

Aliposhinda, aliitupa raketi juu ya meza na kuzunguka upande wa pili. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mke wa fundi, kama baba kwa mtoto aliyeugua surua.

"Jamani, mpigieni makofi mama huyu. Anajitahidi! Mgonjwa, lakini ana moyo. Kamati ipo kwa ajili ya watu kama hawa. Matibabu yaendelee!"

Makofi yakapigwa. Wengi waliona huruma ya kweli, na wengine machozi yaliwalenga. Fundi naye alipiga makofi, kwa sababu Katibu alikuwa anamtazama.

*

Nyumbani binti aliuliza, "Nani alishinda?"

"Mwenyekiti," fundi akajibu.

"Yule? Yule mwenye tumbo?" Binti alicheka, akidhani ni mzaha, akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa anavua raba. Binti akaacha kucheka.

Kitandani fundi alijaribu. "Lakini tumepata. Si ndicho tulichotaka?"

"Ndicho."

"Umenikasirikia."

"Lala, baba watoto. Kesho una zamu."

Mke alikwenda mezani mara moja tu tena. Mpishi alimpokea kwa kumkumbatia, na wanawake wakampa nafasi ya kwanza bila kupanga foleni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mpishi akaanzisha mpira. Ulikuja polepole, juujuu, unaelea kama povu la sabuni. Mke wa fundi akaupiga kwa nguvu, na mpishi akaurudisha vilevile, laini, kifuani pake.

"Unapiga nini wewe?" akauliza.

"Polepole tu, dada. Usijichoshe."

"Piga kama siku zote."

"Nitapiga, nitapiga," mpishi akasema, na akampelekea mwingine wa kuelea. Mke wa fundi akapiga hewa, akaukosa, na wanawake waliokuwa kando wakasema kwa pamoja, kwa sauti tamu, "Si kitu, mama, si kitu!"

Waliwahi kumwambia maneno machafu hapa. Waliwahi kumwita mwizi wa pointi. Mpishi aliwahi kumrushia kiatu. Mke wa fundi akaweka raketi mezani, akawashukuru, akaenda zake. Barabarani alikutana na mume wake anatoka kazini, na alipoulizwa mbona mapema, alisema, "Wananipigia mipira ya mgonjwa."

Akaacha. Siku ya mashine alilala, siku ya pili akalala, siku ya tatu akavimba, na mzunguko ukaanza upya. Wifi alileta ndizi ambazo mgonjwa wa figo haruhusiwi kula, akazila mwenyewe kwa aibu. Hospitali, muuguzi alipokuwa anatafuta mshipa, alimuuliza kama kawaida, "Haya, bingwa, nani kafungwa wiki hii?"

"Nimeacha."

"Umeacha? Kwa nini?"

Mgonjwa akageuza uso upande wa ukuta. Muuguzi akamtazama mume aliyekuwa kwenye benchi, na mume akatazama kofia yake. Anayejua benchi lile la hospitali anajua kwamba lina nafasi ya watu wanne na hakuna mahali pa kuficha uso. Mashine ilikuwa inazunguka, inatoa damu na kuirudisha, imelipiwa yote. Fundi aliisikiliza ikifanya kazi. Ilikuwa haina kasoro.

*

Fedha zinarudi mahali pake wakubwa wakibadili nia, na mashine ikiharibika fundi huifungua akaona. Lakini hili hakujua alifungulie wapi. Kusema ukweli kiwandani asingeweza; neno lingepanda ngazi mpaka kwenye feni kabla zamu haijaisha, na fungu lingehama. Hata mpishi asingeweza kumwambia. Mpishi alikuwa na mapenzi mengi, na mdomo mpana kuliko mapenzi.

Siku moja, baada ya mashine, alimletea mke wake raba zake mlangoni.

"Za nini?"

"Twende ukumbini."

"Sitaki kuchezewa."

"Hakuna mtu saa hizi, wako kwenye zamu. Mimi ndiye nitacheza."

"Wewe? Unajua hata kuishika?"

"Sijui."

Mke akazivaa.

Alishika raketi kama anavyoshika spana. Akasimama upande ule aliosimama Mwenyekiti, hakuchagua, ndiko alikofikia. Mke akaweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Akaanzisha mpira, polepole kidogo, kwa mtu asiyejua.

"Usinipigie hivyo," fundi akasema.

"Utaumia."

"Usinipigie hivyo, mama."

Mke akampiga. Mpira ulimjia kifuani kabla hajainua mkono. Wa pili ulimpata kwenye mdomo. Akauokota, akaurusha kwake, akasimama palepale. Wa tatu shingoni. Mpira ule hauna uzito wowote, ni ganda tupu, lakini ukipigwa na mkono unaojua unachoma kama ncha ya fimbo, na mke wa fundi alikuwa na mkono unaojua. Hakukosa hata mmoja. Hakusema kitu ila, "Okota," na baadaye hata hilo hakulisema. Alikuwa anapumua kwa nguvu, damu imempanda mashavuni, magoti yamepinda. Fundi hakujikinga. Alijaribu kuupiga mmoja, akapiga hewa.

Mpishi alipita dirishani na ndoo ya maganda. Akasikia mlio wa meza, ule mlio wa haraka anaoujua, akasimama. Aliweka ndoo chini, akaingia, akabaki mlangoni na aproni yake. Aliutazama mkono wa mwanamke. Akatazama mpira ulipokuwa unatua, kona, kona, ukingoni kabisa. Wanawake wa mezani hawahitaji kuelezwa mambo ya mezani. Kisha akamtazama mwanamume aliyekuwa na alama nyekundu shingoni na mdomo umevimba, anayepigwa na hasemi.

"Kumbe ni wewe uliyemzuia," mpishi akasema.

Fundi akaokota mpira, akauweka mezani.

Mpishi alivuka ukumbi, akaitoa raketi mkononi mwa fundi, si kwa nguvu, jinsi unavyochukua kisu kwa mtoto. "Toka hapo." Akajipanguza kiganja kwenye aproni, akapinda magoti. Akaanzisha mpira wa chini, mkali, unaokata wavu, na mke wa fundi akaurukia.

"Mwizi wewe," mpishi akamwambia. "Mwizi mkubwa."

"Nyamaza, piga."

Mpira wa nne au wa tano uliruka meza ukabingirika chini ya mabenchi, mpaka kwenye kona ya giza karibu na ukuta. Wanawake wote wawili wakasubiri, hakuna aliyegeuza kichwa. Fundi akapiga magoti, akaingia chini ya benchi kuutafuta. Aliupata mara moja, akaushika, akakawia huko chini, mahali pa kuficha uso.